Yowe la Mlango wa Nyuma

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na wale watundu wenu wawili. Natumaini mgongo wako umetulia na kwamba umeacha kujilaza chini ya malori kana kwamba bado una miaka ishirini. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na analalamika kuhusu meno, nawe unajua kwamba akilalamika kuhusu meno maana yake hana ugonjwa mwingine. Mimi pia ni mzima wa mwili, na ukiona mwandiko umepinda usije ukamwambia wifi kwamba nimeanza kunywa.

Najua utageuza bahasha hii pande zote ukijiuliza nani siku hizi anaandika barua. Nimeshika simu mara nyingi nikupigie, nikaiweka chini. Kila nikijaribu kulitamka jambo lenyewe naishia kuulizia watoto. Kwa hiyo nimekaa na kalamu kama zamani, na nakuomba uisome ukiwa umekaa, wala si gerejini mbele ya vijana wako.

Ulinituma yowe. Uliposikia tu kwamba kituo chetu kinakirudisha hewani kile kipindi cha Mlango wa Nyuma, ulinitumia ujumbe siku ileile ukitaka nikukatie lile yowe uliweke kwenye simu yako, ili ukipigiwa gereji nzima iruke. Nilicheka peke yangu nikakuahidi. Sasa nakuomba radhi, kaka. Yowe sitalituma, na nadhani ukifika mwisho wa barua hii hutalitaka tena.

Wewe ndiye uliyenifundisha kukipenda kile kipindi. Mimi nilikuwa mdogo, nakufuata kila uendako mpaka ukaniita Mkia, na siku ya kipindi ulinipangia kazi: nitoe betri za redio nizianike juani zipate nguvu, wewe ukitandika mkeka chini ya meza. Majirani walikuja wakasimama dirishani, watu wazima na akili zao, wakijifanya wanapita tu. Kisha mlango unalia kwa kutu, na yule mtangazaji mwenye sauti ya pipa anasema tusizime taa. Bwana Koti anaingia. Mpelelezi asiyevua koti hata jua liwake vipi! Leo nikizisikiliza zile kesi zake nacheka, maana mwuaji kila mara ni yule anayekohoa, lakini wakati ule tuliziamini kuliko masomo. Na vile vijitabu vyake je, vyenye jalada jekundu na mkono ulioshika bastola? Ulikuwa navyo kumi na kitu chini ya godoro, ukiviazimisha shuleni kwa masharti makali kuliko maktaba, na kurasa za mwisho ulizing'oa makusudi ili mtu arudi kukuuliza nani aliyeua.

Lakini mfalme wa yote lilikuwa yowe. Kila kipindi hodi inagongwa, mwanamke anauliza, "Nani hapo?", kimya kidogo, halafu lile yowe linapanda, linapanda, linakatika ghafla kama uzi. Mtaa mzima ulikuwa ukilingojea. Watoto waliliigiza kisimani, na bingwa wao ulikuwa wewe.

Sasa kumbuka na hili, kwa sababu mimi siku hizi sikumbuki kingine. Mama alikuwa akikaa nasi kipindi kizima, mshono mapajani. Ikikaribia hodi tu, anainuka kwenda kuangalia jiko. Hata jiko likiwa limezimwa. Yowe likiisha anarudi, anakaa, anashika sindano. Tulimcheka. Tulimwita Mama Mwoga, kwa kunong'ona, tukifikiri hasikii. Na siku ile ulipomnyatia jikoni ukalipiga nyuma ya kichwa chake, sufuria ikamtoka mikononi na maji yakamwagika sakafu nzima. Mimi nilijificha nikijua leo utachapwa. Hakukuchapa. Aliinama akafuta maji, kisha akakwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mwisho wake hukuupatia, kwamba mwishoni halishuki, linakatika. Ulitembea kifua mbele wiki nzima kwa sababu hata mama alikuwa amekubali ni sanaa.

Kaka, vuta pumzi kidogo hapo.

Unajua kazi yangu. Nakaa chumba cha chini kisicho na dirisha, nazipangusa kanda za zamani, nazipitisha kwenye mashine na kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Meneja wetu wa vipindi, kijana wa suruali za kubana na mawazo mapana, aliamua kwamba kipindi kirudi kwa kishindo, na kishindo ni yowe. Akatangaza mashindano. Wasikilizaji watume mayowe yao, atakayelikaribia la asili atapewa zawadi. Basi tangu hapo ofisini hapakaliki. Dada wa mapokezi anapiga yowe, mlinzi getini anapiga yowe, mhasibu kajifungia chooni anafanya mazoezi. Nami nilipiga, kaka. Nilisimama ukumbini nikalipiga kama ulivyonifundisha, nikalikata mwishoni kama mama alivyosema, na wote wakanishangilia. Nikiyakumbuka yale makofi natamani nizamie ardhini.

Siku chache baada ya hapo nilifika kwenye kanda moja iliyokuwa imefungwa kwa kamba ndani ya kopo lake. Zile nyingine zote ni vipindi vilivyokwisha kupikwa, vina muziki na kila kitu. Hii ilikuwa mbichi, siku ya kurekodi yenyewe, watu wanakohoa, viti vinavutwa. Nikaivalia vifaa vya masikioni, nikaacha izunguke huku nakunywa chai.

Sauti ya mwanaume inaeleza kwamba mwigizaji wa kike anaumwa na kwamba dada mpiga chapa atamshikia nafasi, kwa kuwa maneno ameyachapa mwenyewe na anayajua. Halafu kuna mwanamke anacheka. Anacheka, kaka, kicheko cha tumbo, cha mtu ambaye hajawahi kuwa na shida duniani. Anaambiwa apige yowe. Anajaribu, linatoka jembamba kama la kuku, wote wanaangua kicheko, yeye kuliko wote. Kisha anasema, "Jamani, mimi siwezi kupiga kelele bila sababu."

Kikombe kilinitoka mkononi. Ilikuwa sauti ya mama.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Ni mama. Ni changa, haina ule mkwaruzo, lakini ni mama anavyovuta ile "jamani" yake. Sisi tuliambiwa alikuwa mpiga chapa ofisini, basi. Ofisi gani hatukuuliza, na yeye hakusema. Siku niliyompa habari kwamba nimeajiriwa redioni aliuliza tu nitakaa chumba kipi. Nilidhani ana wasiwasi na baridi.

Niliiacha kanda iendelee. Wanajipanga upya. Inagongwa hodi. Mama, bado ana kicheko mdomoni, anasema maneno yake ya kwenye mchezo, "Nani hapo?" Na hapo inasikika sauti ya mwanaume karibu kabisa na maikrofoni, chini chini: "Huyo si mimi."

Mlango wa kweli unafunguka. Mtu anaingia anahema. Anasema, "Shemeji, njoo." Sauti hiyo nayo naijua, hata wewe ungeijua. Ni baba mdogo, yule mkata tiketi wa sinema aliyetuletea madaftari mpaka tukamaliza shule, na ambaye hakuwahi hata mara moja kukaa kwetu siku ya kipindi. Mama anamwuliza kuna nini. Yeye anasema shemeji, jukwaa limevunjika. Anasema, amekwisha.

Halafu linapanda lile yowe.

Lilelile, kaka. Tuliloliigiza kisimani. Ulilolipiga nyuma ya kichwa chake. Ndilo yowe alilopiga mama alipoambiwa kwamba baba ameanguka akichora bango la sinema na amekufa. Na kama unahesabu, hesabu na hili: mimi nilikuwa tumboni. Katika lile yowe na mimi nimo.

Kanda haikuzimwa. Baada ya yowe kukatika kuna mtu anasema zima, zima hiyo, lakini hakuna aliyezima. Viti vinaanguka. Na mama anasema, taratibu, kama anayemweleza mtu asiyeelewa, "Hajala bado. Chakula chake nimekifunika." Anayarudia maneno hayo, kisha miguu inaondoka na mlango unafungwa. Kinachobaki ni chumba kitupu mpaka kanda inaisha.

Sikumbuki nilitokaje chumbani. Nakumbuka niko barabarani nikiwa bado nimevaa vifaa vya masikioni, waya unaning'inia.

Nilienda moja kwa moja kwa Mzee Kelele. Ndiye aliyekuwa fundi wa milio wa kipindi, na yupo bado, anaishi na binti yake nyuma ya duka la matairi. Nilikuwa nikimwendea mara kwa mara kumwuliza mlio fulani aliutengenezaje. Chumba chake kimejaa vitu vyake vya kazi: sinia la mchanga la kutembeza viatu, mchele wa kumwagia kwenye bati uwe mvua, na ule mlango wake mdogo usio na ukuta, una komeo na bawaba zenye kutu, ambao ndio mlango wa nyuma wenyewe uliotutisha utoto mzima. Siku zote tunataniana. Siku hiyo alinitazama usoni, akakaa kitandani kabla sijasema neno.

Sikumsalimia, Mungu anisamehe. Nilimwuliza kama alikuwa anajua mimi ni mtoto wa nani. Akasema alijua tangu siku ya kwanza nilipofika kwake, maana mapua ni ya baba, na kila nilipomwendea alikuwa akingoja nimwulize. Siku ile ya kurekodi alikuwa amekaa kwenye mlango wake ule, mkono tayari kugonga, hodi ikatoka upande mwingine, ndipo akasema si yeye. Akasema mtayarishaji wa kipindi, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyeagiza yowe litumike wiki ile, wasikilizaji wakaandika barua kwa magunia, basi likawekwa kila wiki. Nikamwambia marehemu hana mikono, aliyeshika wembe na kuikata kanda ni nani. Binti yake alileta maji akaona hali ilivyo, akarudi nayo.

Hatimaye akasema, "Lilikuwa zuri mno, mwanangu. Mimi ni fundi. Nilishindwa kulifuta."

Nilitaka nimpige, mzee wa watu. Badala yake nilikaa sakafuni kando ya ule mlango wake nikalia, naye akalia kivyake, kila mtu na upande wake. Akaniambia zamani hizo kanda zilikuwa adimu, zikifutwa na kutumiwa tena, na ile mbichi aliificha kwa mkono wake isifutwe. Hakuniambia kwa nini. Sidhani kama mwenyewe anajua.

Kosa langu lilikuwa kurudi ofisini na kumweleza Meneja. Nilifikiri, kama binadamu, atashtuka, aufute mchezo wote. Kweli alishtuka. Aliweka mikono kichwani, akazunguka meza. Kisha akaniambia kwamba hii ni dhahabu. Uzinduzi utakuwa ni kanda yenyewe, yote, kuanzia hodi mpaka chumba kitupu, na baada yake mama aletwe studioni ahojiwe. Nilimwambia huyo ni mama yangu. Akasema ndiyo maana, nani atamleta kama si wewe. Kisha akanikumbusha, kwa upole, kwamba kanda ni mali ya kituo, na akataka Ijumaa iwe imeshahamishwa na kuwekwa mezani kwake. Hakuwa ameisikia hata sekunde moja. Alisikia hadithi yangu tu, ikamtosha.

Basi nilikwenda kwa mama mchana uliofuata, nikiogopa kama mtoto aliyevunja chombo. Afadhali aisikie kutoka kwangu kuliko kutoka redioni. Alikuwa anapiga pasi mashuka. Nilianza kwa kuzungukazunguka, jinsi kipindi kinavyorudi, jinsi watu wanavyokipenda, na yeye anapiga pasi tu, mpaka nikamwambia nimeipata kanda ya siku ile. Akaisimamisha pasi, akaitoa kwenye umeme, akakunja shuka alilokuwa nalo pembe kwa pembe. Ndipo akakaa.

Nilimwambia kila kitu. Nikamwomba anisamehe mimi na wewe kwa kisimani, kwa jikoni, kwa Mama Mwoga. Akatabasamu kwa lile jina, kumbe alilisikia siku zote. Nikamwuliza aliwezaje kutuachia tusikilize, kwa nini hakuipasua ile redio tangu wiki ya kwanza. Sasa nakuandikia aliyonijibu, na nimejitahidi nisiongeze neno.

Alisema msibani walimkataza kulia. Wanawake walimzunguka kwa mapenzi yao, wakimwambia anyamaze, atamdhuru mtoto tumboni, mtoto atazaliwa na huzuni. Akanyamaza. Nilipozaliwa wakamwambia asilie, maziwa yatakauka. Akanyamaza. Baadaye wewe ulikuwa mkubwa wa kuuliza maswali, akanyamaza kwa ajili yako. Mpaka msiba ukawa umepita na yeye hajalia, ila ile mara moja tu. Kisha wiki moja amekaa na mshono wake akajisikia mwenyewe kutoka redioni.

"Nilikuwa nakwenda jikoni," akasema, "nasimama pale, redio inanililia. Ikimaliza narudi kwenu."

Kaka, sisi tulikuwa chini ya meza tunacheka.

Nilimwambia nitaliondoa. Nina kanda zote, nina wembe, kipindi kwa kipindi nitalitoa lisibaki hata moja, na wanifukuze kazi wakitaka. Akakataa. Akasema niwaachie watu yowe lao, wamelizoea, limezeeka pamoja nao, na yeye hana tena kazi nalo. Ila studioni haendi. Na yale maneno ya chakula, nilipomtajia, aliinamisha uso. Hakujua kwamba yalisemwa, sembuse kwamba yaliwekwa. Hayo akasema si ya watu.

Kisha akauliza ndani ya kanda kuna nini kingine. Nikamwambia mwanzoni alikuwa anacheka.

"Nilikuwa nacheka?"

Nikamwambia ndiyo, sana. Akatazama lile shuka alilolikunja. Alisema siku ile anaikumbuka yote, rangi ya viatu vya baba mdogo, harufu ya chumba, lakini hilo halikumbuki hata kidogo. Alidhani alikuwa amekaa tu. Alidhani labda moyo wake ulijua mapema.

Nilikuwa nimeibeba sauti kwenye kompyuta yangu. Nikamvisha vifaa vya masikioni juu ya kitambaa chake, nikabonyeza. Akaweka mkono mdomoni. Nilikuwa namwangalia yeye, sikusikia kitu, ila nilijua amefika wapi kwa macho yake. Kabla ya hodi nikasimamisha. Akaomba tena. Tena nikasimamisha palepale. Mara ya tatu alianza kucheka na yule msichana, kaka, wamecheka pamoja, pumzi kwa pumzi, na machozi yakimteremka mpaka shingoni, na mara hii hakuna aliyemwambia anyamaze. Alilia mpaka jua likahama ukutani. Nilimshika miguu tu.

Sasa naungama kwako, na barua hii ukiisha kuisoma ichome. Alhamisi niliingia kazini mapema, nikaifungua ile kanda mezani kwangu, nikachukua wembe kama Mzee Kelele alivyonifundisha, mshazari, ili kiungo kisisikike. Nilikata kuanzia mwanzo wa kanda hadi kabla ya hodi, kicheko chote. Nikakata na sauti za wanaume kabla ya yowe, na maneno ya chakula, na chumba kitupu. Nikaunga yaliyobaki. Ijumaa nikampelekea Meneja kanda yenye hodi, "Nani hapo?" na yowe, kitu ambacho nchi nzima inacho tayari. Akaisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia, akauliza yale mengine yako wapi. Nikamjibu kwamba kanda ni mbovu, ya zamani, na mimi nilikuwa nimechanganyikiwa siku ile. Hakuniamini. Nadhani mwisho wa mwezi nitakuwa natafuta kazi, kwa hiyo ukisikia nafasi yoyote huko usinifiche.

Kipande cha kicheko na cha chakula nilimpa mama. Kile cha chakula alikiviringisha kwenye leso na kukiweka kabatini, sehemu anayoijua mwenyewe. Cha kicheko alinirudishia akasema nikutumie wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyewahi kumsikia akicheka hivyo, na huenda mahali fulani ndani yako unakumbuka.

Ndani ya bahasha hii utakuta flashi yenye kicheko hicho, imefungwa kwenye karatasi ya peremende. Umeniomba kitu cha kuweka kwenye simu, basi weka hicho. Usiogope, kinakatika kabla ya hodi.

Mama anakusalimu sana na anasema upunguze chumvi. Msalimie wifi, wabusu watoto, na wakilipiga lile yowe walilosikia kwako, waache, usiwagombeze. Wakikosea mwisho, waelekeze tu.

Nakutakia afya na kazi njema.

Ni mimi mdogo wako,
Mkia